Sura ya Saba: Volti za Kwenye Boksi, Shoti ya Mwilini

Kwenye boksi la tochi ya shoti utakuta maandishi makubwa: volti milioni 5, milioni 10, wakati mwingine milioni 20. Mnunuzi, ambaye mara nyingi ni binti anayetoka zamu ya usiku au mlinzi wa geti anayelipwa kidogo, hana mita ya kupimia. Lakini hewa yenyewe ni kipimo. Hewa kavu huzuia umeme usipite mpaka nguvu inayousukuma ifikie takribani volti 3,000 kwa kila milimita ya nafasi. Tazama basi pengo lililopo kati ya zile ncha mbili za chuma ambamo cheche ya bluu inaruka. Kama ni sentimita 2, volti zilizotumika ni 60,000 hivi, na kwa kuwa ncha zilizochongoka huirahisishia cheche safari, huenda ni pungufu ya hapo. Kifaa chenye volti milioni 20 kweli kingerusha cheche karibu mita 7, na cheche hiyo ingemrukia kwanza aliyekishika, maana mkono wake ndio ulio karibu.

Ninaanza na hesabu hii kwa sababu uongo wa volti huzaa uongo mwingine wa hatari zaidi: kwamba ukimgusa mtu mara moja tu ataanguka na kuzimia, kama kwenye filamu. Wapo watu wanaotembea usiku wakiiamini ahadi hiyo, na wanastahili kuambiwa ukweli kabla ya siku watakayoihitaji.

Ndani ya gamba la plastiki mna betri ndogo, aghalabu ya volti 9 au ya lithiamu yenye volti 3.7. Umeme wa betri hutoka kwa mkondo usiobadilika, na transfoma haiwezi kupandisha volti za mkondo wa namna hiyo. Tangu Michael Faraday afanye majaribio yake London mwaka 1831 tunajua kwamba koili moja huamsha umeme katika koili ya pili pale tu mkondo unapobadilika. Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa na saketi inayowasha na kuzima mkondo maelfu ya mara kwa sekunde. Transfoma ya kwanza inapandisha volti, daiodi zinazuia umeme usirudi ulikotoka, na kapasita inaulimbikiza. Ikishajaa, inaumwaga wote kwa mpigo kwenye transfoma ya pili, ambayo inazizidisha volti hadi makumi ya maelfu, na hapo ndipo cheche inaporuka. Kisha kapasita inaanza kujaa upya. Ule mtatariko unaosikika ni kapasita ikijaa na kumwaga, ikijaa na kumwaga, mara nyingi ndani ya kila sekunde.

Betri ndogo haiwezi kutoa nguvu isiyokuwa nayo. Kinachoongezeka kwenye volti kinapungua kwenye ampea na kwenye muda. Hii ndiyo sababu kifaa chenye makumi ya maelfu ya volti humwacha mtu hai, ilhali waya wa nyumbani wenye volti 230 huua kila mwaka: umeme wa ukutani unaendelea kupita bila kukoma, na mkondo wa miliampea 100 tu ukipita kifuani unatosha kuuvuruga moyo. Volti nyingi kazi yake ni kufungua njia, yaani kuruka pengo dogo la nguo na kuvunja ukinzani wa ngozi kavu. Umeme ukishaingia mwilini, ambamo mna maji na chumvi, volti zinaporomoka. Bunduki ya umeme aina ya TASER X26, iliyotumiwa sana na polisi wa Marekani kuanzia mwaka 2003, ilitangazwa kuwa na volti 50,000, lakini mwilini zilikuwa kama 1,200 tu. Ilitoa mapigo 19 kwa sekunde, kila pigo likidumu takribani sehemu moja ya 10,000 ya sekunde. Piga hesabu: katika sekunde nzima, umeme ulipita kwa muda usiofika sehemu mbili za elfu. Muda wote uliobaki kifaa kilikuwa kimya.

Uzio wa umeme unaozunguka milima ya Aberdare nchini Kenya, wenye urefu wa kilomita 400 hivi na uliokamilika mwaka 2009, unamrudisha tembo msituni kwa kanuni hiyohiyo: volti elfu kadhaa, mapigo mafupi sana, na katikati ya pigo na pigo kuna nafasi ya mnyama kujinasua.

Sasa tuingie mwilini, maana hapa ndipo penye kiini cha sura hii.

Mwaka 1791 tabibu Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha majaribio yake ya miguu ya chura. Chura alikuwa amekufa, lakini umeme ulipogusa neva yake mguu uliruka. Leo tunajua sababu. Ubongo unapotaka mkono uinuke, hutuma ishara za umeme mdogo kupitia neva, na misuli hujikaza kwa kuzitii. Misuli haijui ishara imetoka wapi. Ikipokea umeme wa nje wenye nguvu ya kutosha kuziamsha neva, itajikaza vilevile. Pigo moja la umeme hutoa mshtuko mmoja. Mapigo yakifuatana haraka, misuli haipati nafasi ya kulegea. Inajikaza juu ya mkazo uliotangulia mpaka inakakamaa. Amri ya ubongo inazama humo, kama sauti ya abiria anayeuliza nauli katikati ya wapiga debe wa stendi. Mtu bado ana fahamu zake, anaona na anasikia, lakini miguu haimtii.

Maumbile yalitangulia kuigundua silaha hii. Mwaka 2014 mwanasayansi Kenneth Catania wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alionyesha kwamba mkunga wa umeme wa Amerika Kusini hutoa mapigo kama 400 kwa sekunde, na mapigo hayo huziamsha neva za samaki anayewindwa hadi misuli yake yote inakakamaa kwa muda mfupi. Samaki anaganda palepale, na mkunga anammeza. Kwetu Afrika yupo kambare wa umeme, anayepatikana mto Nile, mto Kongo na hata ziwa Tanganyika, ambaye aina zake kubwa hutoa hadi volti 350 hivi. Wamisri wa kale walimchora kwenye kuta za makaburi yao zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Lakini ili misuli ikakamae namna hiyo, umeme unatakiwa upite katika eneo kubwa la mwili. Hili ndilo jambo ambalo muuzaji halisemi, na ndilo linalotenganisha aina mbili za vifaa ambavyo watu wengi huviona kuwa kimoja.

Aina ya kwanza ilibuniwa na Jack Cover, mwanafizikia wa Marekani aliyewahi kufanya kazi kwenye mradi wa Apollo wa kumpeleka mtu mwezini. Miaka ya 1960 watekaji wa ndege walikuwa wamezidi, na ilihitajika silaha ya kumzuia mtu bila kutoboa ndege kwa risasi. Cover alisoma gazetini habari ya mtu aliyejigonga kwenye uzio wa umeme akaganda asiweze kusogea, kisha akatoka salama. Akaanza kujiuliza namna ya kuufikisha umeme huo kwa mtu aliye mbali. Hataza yake ilitolewa mwaka 1974. Kifaa chake, TASER, kilirusha vishale viwili vilivyofungwa kwenye nyaya nyembamba, na kwa kuwa kilitumia baruti kuvirusha, serikali ya Marekani ilikihesabu kuwa silaha ya moto. Miaka ya 1990 ndugu wawili wa Arizona, Rick na Tom Smith, wakishirikiana na Cover, waliiondoa baruti wakaweka gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Kampuni yao leo inaitwa Axon.

Ufundi wa TASER umo katika pembe. Kishale cha juu kinakwenda moja kwa moja, na cha chini kinainama kwa nyuzi 8 hivi. Kadiri vinavyosafiri ndivyo vinavyoachana, na vikifika umbali wa mita 2 vimetengana kama sentimita 30. Kimoja kikichoma kifuani chini na kingine pajani, umeme unapita katika misuli mikubwa ya tumbo, kiuno na paja, na mtu anaanguka kama gogo. Kishale kimoja kikikosa, hakuna mzunguko wa umeme, na hakuna kitakachotokea.

Aina ya pili ni hii ya dukani: tochi ya shoti, rungu la shoti, kiboksi kinachofanana na simu. Ncha zake zimetengana sentimita 3, 4, labda 5. Umeme huchukua njia fupi iliyo rahisi, kwa hiyo unapita chini kidogo ya ngozi kutoka ncha moja hadi nyingine, na misuli mikubwa haiguswi. Kinachobaki ni maumivu. Ni makali, hayo hayana ubishi. Mtu aliyeguswa kwenye paja au begani hushtuka na kujirudisha nyuma. Lakini maumivu si kuganda. Mwili wa aliyelewa, aliyevuta, au aliyepandwa na ghadhabu unaweza kuyapita. Koti zito linaweza kuuzuia umeme kabisa. Na hata pale kifaa kinapofanya kazi vizuri, inabidi ukigandamize mwilini mwake sekunde kadhaa, wakati mtu mwenyewe anajitupa huku na huku.

Fikiria maana yake kwa mtu wa kilo 55 anayekabiliwa na mtu wa kilo 90. Silaha hii inamtaka amkaribie mshambuliaji hadi amguse, na aendelee kumgusa. Inamtaka awe ndani ya mikono ya yule anayepaswa kumkimbia. Mikono hiyo inaweza kukinyakua kifaa. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana baadhi ya vifaa vina kamba ya kuvaa kiganjani yenye pini: kikinyakuliwa, pini inachomoka na kifaa kinazimika. Kama umeamua kununua, usinunue kisichokuwa na pini hiyo, na uivae kamba kila unapokishika.

Kuna woga mmoja niusemee haraka. Watu huuliza kama mshambuliaji akiwa amekushika, shoti itakurudia. Kwa kawaida hairudi, kwa sababu umeme unabaki kati ya zile ncha mbili.

Je, basi kifaa hiki hakina maana? Hapana, na kesi moja ya Massachusetts inatufundisha vizuri kuliko nadharia. Mwanamke mmoja, Jaime Caetano, alikuwa amepigwa na mwanamume aliyezaa naye hadi akalazwa hospitali. Alipata amri za mahakama za kumzuia mtu yule asimkaribie, zaidi ya moja, na hazikumsaidia. Akabaki bila makazi. Rafiki akampa kifaa cha shoti. Usiku mmoja alipotoka kazini alimkuta mwanamume yule nje anamngojea, akimfokea. Mwanamume huyo alimzidi urefu kwa karibu sentimita 30 na uzito kwa karibu kilo 45. Caetano alikitoa kifaa, akamwonyesha, akamwambia hatavumilia tena. Mwanamume aliogopa, akaondoka. Hakuguswa.

Baadaye, mwaka 2011, polisi walikikuta kifaa hicho kwenye mkoba wake nje ya duka kubwa, na akashtakiwa, kwa kuwa sheria ya jimbo ilikataza raia kuwa nacho. Alitiwa hatiani, na mahakama kuu ya Massachusetts ikaithibitisha hukumu hiyo, ikisema pamoja na mambo mengine kwamba kifaa hiki ni cha kisasa mno kulindwa na kifungu cha katiba kilichoandikwa karne ya 18. Machi 2016 Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo bila jaji hata mmoja kupinga. Mwaka 2018 mahakama ya Massachusetts yenyewe ilikiri kwamba marufuku kamili haiwezi kusimama.

Ninaikumbuka kesi hiyo kila ninapoulizwa kuhusu vifaa hivi. Kilichomwokoa mama yule ni kifaa alichokionyesha na uamuzi uliosikika katika maneno yake, na yote hayo yalifanya kazi kwa mbali. Sauti ya mtatariko gizani nayo ina nguvu yake. Lakini huwezi kujenga mpango mzima juu ya woga wa mtu mwingine. Akija asiyeogopa, unarudi kwenye fizikia ile ya sentimita 4. Ndiyo maana ushauri wangu ni mwanga kwanza na umbali kwanza: mwangaza wa tochi machoni, sauti kubwa, na miguu. Ikifika mahali umeshikwa na huna njia, gandamiza kwenye paja au bega, usiachie mapema, na mara tu mikono yake ikilegea ondoka. Usimpige mtu shoti kichwani, shingoni wala kifuani. Usibaki kuona kama imemwingia.

Umuhimu wa kukimbia unaonekana hata kwenye TASER. Umeme ukikatika, nguvu za mtu humrudia karibu papo hapo. Hakuna kuzimia kwa dakika kumi. Kifaa cha polisi hutoa umeme kwa sekunde 5, kwa sababu askari yupo na pingu. Vile vilivyotengenezwa kwa raia, kama TASER Pulse, vilipewa sekunde 30, na maelekezo ni kukiweka chini kikiwa bado kinafanya kazi, na kukimbia. Kampuni iliahidi kumpa mwenye nacho kingine bure akileta taarifa ya polisi. Walioweka utaratibu huo walielewa kwamba silaha hii inanunua muda tu.

Na madhara yapo. Kuanguka ndiko kunakosahaulika zaidi, kwa sababu mtu aliyekakamaa hawezi kutanguliza mikono, na kichwa kinafika sakafuni kikiwa na uzito wote wa mwili. Mei 2023 huko Cooma, Australia, askari alimpiga kwa TASER bibi wa miaka 95 mwenye matatizo ya kumbukumbu, katika makao ya wazee, aliyekuwa ameshika kisu huku akitembea kwa kiegemeo. Bibi alianguka, akagonga kichwa, na baada ya wiki moja akafariki. Askari alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Moyo nao si salama kama ilivyotangazwa mwanzoni: mwaka 2009 kampuni ya TASER ilianza kushauri kifua kisilengwe, na mwaka 2012 daktari wa moyo Douglas Zipes alichapisha taarifa za watu 8 walioanguka na kupoteza fahamu baada ya kupigwa karibu na moyo. Shirika la habari la Reuters mwaka 2017 lilihesabu zaidi ya vifo 1,000 nchini Marekani vilivyofuatia polisi kutumia kifaa hicho, mara nyingi pamoja na nguvu nyingine. Cheche pia huwasha moto. Kama kuna harufu ya petroli au gesi ya kupikia, usiiguse swichi.

Halafu kuna jambo linaloniuma. Kifaa kinachotoa maumivu makali bila kumwangusha mtu, na bila kuacha alama kubwa mwilini, ndicho kifaa ambacho mtesaji anakitafuta. Kabla ya raia kuuziwa, fimbo za umeme za kuswagia ng'ombe zilikwisha kutumika kwa binadamu: huko Selma, Alabama, mwaka 1965, sherifu Jim Clark na watu wake walizitumia dhidi ya Wamarekani weusi waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, watoto wa shule wakiwemo. Amnesty International imetaka kwa miaka mingi vifaa vya kugusisha vipigwe marufuku katika kazi za polisi, na Umoja wa Ulaya tangu 2005 una kanuni inayodhibiti biashara ya vifaa vinavyoweza kutumika kutesea watu, vya shoti vikiwamo. Mwenye kifaa hiki nyumbani ajue basi ameshika nini. Kisitumike kumwadhibu mtoto, mfanyakazi wa ndani, wala kibaka aliyekwisha kamatwa na kufungwa mikono. Mtu aliyeshindwa kupigana si tishio tena, na kumpiga shoti hapo ni kumtesa.

Sheria hutofautiana sana. Nchini Uingereza kifaa hiki ni silaha iliyokatazwa chini ya sheria ya silaha za moto ya mwaka 1968. Mwaka 1988 majaji wa Baraza la Malodi waliamua kwamba umeme nao ni kitu chenye madhara kinachotolewa na silaha, kwa hiyo hata kukutwa nacho mfukoni ni kosa kubwa. Ndugu zetu wanaosafiri kwenda kusoma au kufanya kazi huko wakiache nyumbani. Kwenye ndege, silaha za shoti zenye gesi iliyoshindiliwa au betri za lithiamu haziruhusiwi kwenye mkoba wa mkononi wala kwenye begi linalokwenda chini. Popote ulipo, uliza kituo cha polisi kabla hujatoa fedha dukani. Kuwepo kwa kitu sokoni hakumaanishi kwamba sheria inakiruhusu.

Mwisho, kuhusu mtu aliyepigwa. Umeme ukishakatika, kumgusa hakukupigi shoti wewe. Kishale kilichoingia jichoni, shingoni au sehemu za siri kisichomolewe na mtu wa mtaani. Kifungwe kisitikisike na apelekwe hospitali. Aliyegonga kichwa apelekwe hata kama anasema yuko sawa. Asiyeitika wala kupumua vizuri, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, na ugandamize kwa kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama, mpaka msaada ufike.